Kidonge na Maziwa ya Jioni

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi mwaka 2025, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Kakuta. Ilianza kama siku nyingine yoyote. Naisenya aliamka kabla ya jua, akamkamua ng'ombe mweusi, akachochea moto, akamwosha mdogo wake uso na kumvalisha sweta mbili, maana asubuhi ya Karatu ina baridi ya kung'ata masikio. Baba yao alirudi kutoka lindo akiwa na rungu kwapani na macho mekundu. Naisenya aliinamisha kichwa kumsalimia, kama watoto wa Kimasai wafanyavyo mbele ya wakubwa, na baba akamgusa utosini kwa kiganja.

"Mko tayari?" Kakuta aliuliza.

"Tayari, baba."

Siku ile ilikuwa siku ya kliniki. Naisenya alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Mdogo wake, Nanyokie, alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mama yao alishafariki. Alifia njiani akipelekwa kujifungua, ndani ya gari la wagonjwa lililoishiwa mafuta, na mtu aliyepaswa kulijaza mafuta yuko kazini mpaka leo.

Walikuwa wakiishi kijijini Piyaya, Nanyokie alipoanza kutoka damu kwenye fizi na kupata michubuko bila kupigwa. Zahanati ikasema malaria. Ikasema tena malaria. Walipofika hospitali kubwa ya mbali, wakaambiwa ni saratani ya damu. Daktari aliwaeleza kuwa ndani ya mifupa kuna uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Kwa Nanyokie, kiwanda kile kilikuwa kinatoa chembe nyeupe changa, nyingi mno, zisizojua kazi, zikawabana wenzao hadi damu nzuri ikakosa nafasi. Akatiwa dawa kali, nywele zikanyonyoka zote, kisha zikaota upya, laini kama manyoya ya kifaranga. Watu wa Piyaya wakasema amepona. Daktari akasema bado: kila jioni, kwa miaka miwili, ameze kidonge kimoja cha njano.

Ndiyo maana Kakuta alihamia pembezoni mwa mji wa Karatu, karibu na kliniki, akaja na ng'ombe watatu ili watoto wake wasikose maziwa. Akapata kazi ya kulinda usiku kwenye geti la hoteli ya watalii. Hivyo kidonge kikawa kazi ya Naisenya. Kila jioni, baada ya kukamua, alikiponda kwa kijiko, akakikoroga ndani ya kikombe cha maziwa yaliyotoka kwenye chuchu wakati ule ule, yenye povu na joto lake, na Nanyokie akanywa mpaka tone la mwisho. Hakuruka hata jioni moja. Siku aliyokuwa na homa yeye mwenyewe, alitambaa mpaka zizini.

Kliniki ile ilikuwa chini ya Bwana Silvanus, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Lakini vipimo vya damu vilikuwa vya Daktari Cresensia, mwanasayansi wa maabara ya hospitali kubwa. Mama huyo alikuwa anatafiti saratani za damu za watoto. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya watoto wanaorudi nyumbani wazima hurudiwa na ugonjwa. Kila mwezi watoto walichukuliwa damu kidogo, naye akaangalia ndani yake kama dawa imo. Siku ile hakuwepo. Yalikuja majibu peke yake, na majibu yasiyo na mwenyewe huangukia mikononi mwa yeyote.

"Kakuta," Silvanus aliita mbele ya benchi zima la akina mama, "mtoto wako hanywi dawa."

"Anakunywa."

"Nani anampa?"

"Dada yake. Mimi usiku niko lindo."

Silvanus akamgeukia Naisenya. "Wewe binti. Unampa mdogo wako dawa?"

"Nampa, mzee. Kila jioni."

"Damu inasema humpi. Dawa imo kidogo mno, kama imepita njia tu. Damu haina mdomo wa kudanganya. Wewe unao."

"Nampa," Naisenya alirudia.

"Labda kinaingia sikio hili kinatokea lile," alisema mama mmoja, na benchi likacheka kwa pua.

Silvanus akapata nguvu ya kuchekewa. "Ninyi watu wa porini nawajua. Mnapewa dawa ya bure, mnatupa, mnarudi kwenye magome ya miti. Halafu mtoto akifa mnakuja kulia hapa mlangoni kwangu." Akazishika funguo zake. "Sikiliza vizuri. Kuna mtoto mwingine anaihitaji dawa hii. Ukikiri, nakupa onyo, mdogo wako anaendelea. Ukibisha, leo hii nampa yule mwingine. Chagua."

Baadaye ilijulikana kuwa hakuwa na mamlaka ya kumnyima mtoto dawa. Hakuwepo hata huyo mtoto mwingine. Lakini aliyeshika ufunguo wa kabati haulizwi mamlaka, hasa na binti wa darasa la sita.

Naisenya alimtazama baba yake. Kakuta alikuwa ameegemea ukuta, usingizi umemlemea, hajui aamini nini. Kisha akamtazama Nanyokie, aliyekuwa anachezea kitambaa cha shuka la baba huku miguu ikining'inia.

"Nilitupa," alisema.

"Wapi? Sema kwa sauti, baba yako asikie."

"Chooni."

"Kwa nini?"

Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Uvivu," alijibu.

"Unaona sasa?" Silvanus alimwambia Kakuta, akafungua kabati na kutoa pakiti ya vidonge kama anayetoa zawadi. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Amekiri, nampa."

Walipofika nyumbani Kakuta alichukua fimbo ya kuchungia. Alimchapa Naisenya mpaka jirani yao, mama wa Kiiraqw aliyekuwa anapalilia maharage, akaita kutoka ng'ambo ya uzio, "We baba Naisenya, inatosha, utaua mtoto wa watu."

"Si wa watu, ni wangu," alijibu Kakuta.

"Ananipa!" Nanyokie alilia akimvuta shuka. "Ananipa kila siku na maziwa!"

"Nyamaza. Amekufundisha."

Shahidi pekee aliyekuwepo alikuwa na miaka sita, na neno la mtoto wa miaka sita halina uzito kwa mtu aliyekwisha kuinua fimbo.

Tangu jioni ile Kakuta alimpa Nanyokie dawa mwenyewe kabla ya kwenda lindo. Kwa kuwa alitaka binti yake apate nguvu haraka, hakumpa kikombe. Alikoroga kidonge ndani ya kibuyu kidogo, maziwa mabichi tele, akasimama juu yake mpaka kiishe. Asubuhi aliporudi, Naisenya alikuja kuinamisha kichwa, na baba akapita kama anayepita kisiki. Kesho yake tena. Binti aliendelea kuinama kila asubuhi, na kila asubuhi kichwa chake kikabaki bila mkono.

Shuleni habari ilifika kabla yake, kwa sababu Goodness, binti wa Silvanus, alikuwa darasa moja naye.

"Usikae hapa," Goodness alimwambia, akisogeza begi lake kwenye benchi. "Baba amesema wewe ndiye uliyemnyima mdogo wako dawa."

"Baba yako hajui."

"Si ulisema mwenyewe? Au sasa unakana?"

Wenzake wakageuka kumsikiliza. Naisenya akajikuta amefungwa na ulimi wake mwenyewe. Akisema alitupa, ni mwuaji. Akisema hakutupa, ni mwongo. Alikwenda kukaa nyuma peke yake.

"Mchawi wa chooni," mvulana mmoja alisema, na jina likamganda kama kupe.

Mwalimu alilisikia jina hilo zaidi ya mara moja. Hakuuliza limetoka wapi. Alikuwa na mtihani wa mkoa wa kuandaa, na wakubwa wake hupima matokeo, hawapimi nani anakaa peke yake.

Mwishoni mwa Mei, Nanyokie alikataa kuchezea ndama. Alisema miguu inauma kwa ndani. Siku iliyofuata pua ilitoka damu ikakataa kukoma, na mapajani ikaonekana michubuko ileile ya Piyaya, ya buluu na njano. Kakuta alilivua shuka lake, akamfunga mtoto mgongoni kama wafanyavyo akina mama bila kujali nani anamcheka, akaenda naye kliniki kwa miguu. Naisenya alifuata nyuma.

Safari hii Daktari Cresensia alikuwepo. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi nyuma ya shingo. Aliangalia macho ya mtoto, akabonyeza tumbo, akachukua damu, akaenda kuiangalia kwenye hadubini mwenyewe. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Umerudi," alisema. "Ugonjwa umerudi. Na kwenye vipimo vya Aprili na vya mwezi huu, dawa bado ni kidogo mno."

Silvanus akatikisa kichwa. "Nilikwambia, daktari. Yule binti alikiri kutupa. Kumbe baba naye anatupa. Ukoo mzima."

Kakuta alimgeukia polepole. "Rudia."

"Nasema damu haidanganyi."

"Nimesimama juu ya kichwa cha mtoto huyu kila jioni mpaka ameze," alisema Kakuta. Sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo maana watu wote walinyamaza. "Mimi nimetupa? Nimetupa wapi?"

Daktari Cresensia alivua miwani. "Ngoja. Kabla yako nani alikuwa anampa?"

"Huyu."

"Na huyu alikiri kutupa. Alipoacha kumpa, ukampa wewe, na damu ikabaki vilevile." Alimwinamia Naisenya. "Binti, uliitupa dawa?"

Naisenya aliziangalia funguo kiunoni mwa Silvanus. "Nikikwambia, hamtampa mtoto mwingine dawa ya mdogo wangu?"

"Mtoto gani mwingine?"

"Yule anayeisubiri."

"Hakuna anayesubiri," alisema daktari. "Nani kakwambia hivyo?"

Naisenya hakumtaja. Hapakuwa na haja. Silvanus alikuwa ameanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Sikuitupa," alisema Naisenya. "Nilimpa kila jioni. Nilisema nimetupa ili asinyimwe."

Kakuta alikaa chini sakafuni, pale pale mbele ya watu, mtoto mgongoni. Baadaye aliunyoosha mkono wake, ukapapasa hewani mpaka ukapata kichwa cha binti yake mkubwa, ukakaa hapo.

"Naomba nije nyumbani kwenu leo," alisema daktari. "Nioneshwe jinsi mnavyompa. Kila kitu, kama kawaida yenu. Kesho alfajiri tutamkimbiza hospitali kubwa."

Alifika ng'ombe wanarudi. Naisenya alimkamua ng'ombe mweusi. Kakuta aliponda kidonge, akakimimina ndani ya kibuyu, akatikisa, akampa Nanyokie. Daktari aliyekuwa amekaa juu ya kigoda aliinuka ghafla.

"Ngojeni. Hayo maziwa mmeyachemsha?"

"Kuchemsha?" Kakuta alishangaa. "Maziwa ya kuchemsha ni ya watu wa chai."

"Na kila siku mnampa hivi?"

"Dawa ni chungu na kali. Utampa mtoto dawa kali tumbo tupu? Kwetu hata magome ya miti hupewa mtu na kitu cha kuyabeba. Maziwa ndiyo chakula chetu cha jioni. Angekunywa na nini?"

Daktari alikichukua kibuyu mikononi mwa Nanyokie taratibu, akakiweka chini.

"Ndani ya maziwa kuna kitu kinachoweza kukivunja kidonge hiki kabla hakijafika kazini," alisema. "Hasa maziwa mabichi. Vitabu vyetu vinabishana. Wengine wanasema madhara ni madogo. Lakini waliosema hivyo waliwapima watoto wa mijini, wanaokunywa kikombe kimoja cha maziwa ya paketi. Hakuna aliyekwenda kumpima mtoto anayekunywa kibuyu. Na ugonjwa wenyewe huweza kurudi hata kwa anayekunywa dawa vizuri."

"Kwa nini hatukuambiwa?" Kakuta aliuliza.

"Imeandikwa kwenye pakiti."

Naisenya alikimbia ndani, akaileta pakiti, akaigeuza huku na huku. Yalikuwa maandishi ya Kiingereza madogo kama chawa.

"Bwana Silvanus alipaswa kuwaambia," alisema daktari.

"Alituambia tusitupe," alisema Kakuta.

Mama yule alifuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu. "Na mimi kila mwezi nilituma swali moja tu: mmempa dawa? Sikuuliza hata mara moja: mmempa na nini? Na Machi nilipoletewa habari kwamba dada mtu ametupa, niliifunga kesi. Nilifurahi kuipata sababu rahisi." Akamtazama Naisenya. "Ungeendelea kubisha, ningelazimika kuja hapa Machi."

Hakusema hivyo kwa ukali. Alikuwa anafikiri kwa sauti, kama watu wa maabara wafanyavyo. Lakini neno lile lilimwingia binti kama mwiba wa mgunga na likavunjikia ndani.

Hospitali kubwa ilijitahidi. Nanyokie alipewa tena dawa kali, nywele zikanyonyoka tena. Mara hii hazikuota. Alifariki mwezi Julai, asubuhi, akiwa ameomba uji. Wakamzika. Kwa kuwa kwa desturi yao jina la marehemu halitajwi, nyumbani ikawa kama kuna shimo katikati ya maneno, na kila mmoja akajifunza kulizunguka.

Kakuta alikwenda kumtafuta Silvanus. Hakumkuta. Alikuwa amehamishiwa kliniki kubwa zaidi, yenye gari. Wakubwa wakiharibu huhamishwa. Watoto wakiharibikiwa huzikwa. Goodness naye alihama shule. Siku yake ya mwisho alilisogeza begi lake kwenye benchi, nafasi ikabaki, lakini hakusema samahani, na Naisenya hakwenda kukaa.

Mwezi wa kumi Daktari Cresensia alikuja tena. Alikuta Naisenya anamnywesha ndama maji na Kakuta ameamka kutoka usingizi wake wa mchana. Daktari alikuwa amewatembelea wagonjwa wake wote wa jamii za wafugaji, nyumba kwa nyumba, boma kwa boma. Wengi walikuwa wanakoroga kidonge kwenye maziwa. Sasa wanakimeza kwa maji matupu, muda mrefu baada ya maziwa ya jioni.

"Kuna mtoto wa Piyaya anaitwa Lekoko," alisema. "Damu yake ilikuwa kama ya..." Alikumbuka, akalimeza jina. "Ilikuwa vilevile. Sasa dawa imo, imejaa. Anacheza mpira. Na hakuna kliniki yangu itakayotoa kidonge tena bila kuuliza mtoto anakula nini, kwa lugha anayoielewa mlezi wake."

"Ni habari njema kwa baba yake," alisema Kakuta.

Ndama aliendelea kunywa.

"Naisenya," alisema Kakuta, "njoo hapa. Nataka kukwambia mbele ya mgeni, ili nisije nikaikana kesho. Mimi nilikupiga kwa kosa ambalo hukulifanya. Niliamini funguo za mtu kuliko mtoto wangu. Hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini nawe shika hili, maana wewe bado una safari. Mtu mwenye cheo akikutisha ili useme usilolifanya, usiseme. Hata ukichapwa. Hata wakicheka. Uongo wa kujilinda na uongo wa kumlinda umpendaye, wote unaziba njia ya anayetafuta ukweli. Baki na neno lako, mwisho mtu mmoja mwenye akili atakuja kuuliza vizuri."

"Ndiyo, baba."

"Umesikia au unanijibu tu?"

"Nimesikia."

Daktari Cresensia alikuwa ameanza kufunga mkoba wake. Naisenya aliiweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye sketi ya shule, akamsogelea.

"Daktari, nikuulize kitu? Usinijibu kama mtoto."

"Uliza."

"Ulisema vitabu vinabishana kuhusu maziwa. Na ulisema ugonjwa huu huweza kurudi hata kwa wanaokunywa dawa vizuri. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Siku ile ya Machi, kama ningebaki na neno langu, ukaja hapa, tukampa kidonge kwa maji kuanzia jioni ileile, yule mdogo angekuwa bado yupo?"